Kanuni ya Tatu: Gari Lioshwe Kwanza

Waliohudhuria walikuwa watano. Meneja wa karakana, aliyekaa kichwani mwa meza. Mkaguzi wa kampuni ya bima, mwanamume mwembamba aliyekuja na mkoba mweusi na kalamu mbili. Fundi mkuu, ambaye karakana nzima ilimwita Daktari, kwa sababu shingoni mwake hakikukosa kile kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo, ambacho yeye alisikilizia injini. Muosha magari, mtu wa makamo aliyeitwa Povu, aliyekaa ukingoni mwa kiti kana kwamba aliogopa kukilowesha. Na mkuu wa mapokezi, mwanamke wa miaka arobaini na sita, ambaye wote humo walimwita Bi Rula, kwa kuwa hakuandika mstari katika daftari lake bila kuupigia rula kwanza.

Mwenye gari lililojadiliwa hakuwamo chumbani. Alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, nyuma ya mlango, kofia yake magotini, akingoja kuitwa asomewe matokeo. Alikuwa kaka mkubwa wa Bi Rula, baba mmoja mama mmoja.

“Dada,” meneja alimwambia kabla ya kufungua kikao, “kama jambo hili ni zito kwako, unaweza kukaa pembeni. Hakuna atakayekulaumu.”

“Kadi ya kazi ina sahihi yangu,” alijibu Bi Rula. “Kila mwenye sahihi kwenye kadi huhudhuria.”

Huo nao ulikuwa utaratibu wake mwenyewe. Alizitunga kanuni tisa za karakana miaka minne iliyopita, alipokuta magari yakiingia ovyo, funguo zikipotea, na wateja wakigombana mapokezi kama kuku waliomwagiwa mtama. Alizichapa, akazifunika kwa karatasi ya plastiki, akazibandika ukutani. Tangu hapo hakuna ufunguo uliopotea.

Wiki tatu sasa tangu ajali ya gari hilo la kaka yake, na katika wiki hizo Bi Rula hakuwa amelia. Jamaa walimshangaa, kisha wakamsifu kwamba amepiga moyo konde. Yeye alijua kwamba hapakuwa na konde lolote. Ndani mwake palikuwa tuli, kama chumba kilichohamwa. Aliamka, akapiga pasi sketi yake, akaja kazini, akaandika malalamiko ya watu kwa mwandiko uleule ulionyooka.

Na malalamiko hayakukosekana. Waliouziwa magari mapya, ya mwaka huu na mwaka jana, walifika kila asubuhi. Huyu alisema skrini ya dashibodi huzimika akiwa kwenye mzunguko wa barabara. Yule alisema kamera ya nyuma humwonyesha giza mchana kweupe. Mwingine milango ilijifunga na mtoto yumo ndani. Mwingine usukani ulikuwa mzito ghafla kama anageuza jiwe la kusagia. Bi Rula aliwasikiliza wote, akawapa namba, akawaandikia kadi. Gari lilioshwa, likapimwa, likarudishwa. Mengi yalipatikana ubovu wake na kutengenezwa. Lakini lilikuwapo lalamiko moja, la aina moja ya gari, ambalo halikupata kupona wala kuthibitika: gari kujifunga breki lenyewe, katikati ya mwendo, mbele hakuna kitu. Katika daftari yalikuwa arobaini na moja. Yote arobaini na moja yalipigwa mhuri wa bluu: TATIZO HALIKUONEKANA.

Namba saba alikuwa kaka yake. Na namba kumi na tisa. Na namba thelathini.

Kaka huyo alikuwa mpima viwanja mstaafu, mtu wa njia za vumbi na tope, na gari hilo alilinunua kwa neno la dada yake. “Chukua hili, Kaka,” alimwambia. “Lina breki za kujilinda. Hata ukisinzia, lenyewe liko macho.” Mwezi wa pili akaja mapokezi amekunja uso.

“Mdogo wangu, hili gari lako limenifunga breki pale bondeni. Barabara nyeupe! Hakuna gari, hakuna mtu, hakuna hata kuku.”

“Labda kuku aliruka, Kaka.”

“Kuku wa kuruka upesi hivyo angekuwa mwewe.”

Walicheka. Akamwandikia kadi. Gari likaoshwa, likapimwa, likapigwa mhuri. Mara ya pili hawakucheka sana. Mara ya tatu, Bi Rula alikuwa na foleni ya watu wanane nyuma ya kaka yake, na alisema neno ambalo sasa lilikuwa kitu pekee kilichobaki katika kile chumba kilichohamwa.

“Kaka, usikasirike. Umri nao ni mzigo. Huenda ni mguu wako.”

“Mguu wangu umefanya nini?”

“Huenda unagusa breki bila kujijua.”

Kaka yake hakubisha. Aliutazama mguu wake wa kulia, katika kiatu cha ngozi kilichopigwa rangi vizuri, kama mtu anayemtazama mtumishi wa siku nyingi aliyeambiwa kuwa ni mwizi. Akachukua ufunguo, akaenda zake.

Siku ya ajali mkewe alikaa kiti cha nyuma, kwa sababu kiti cha mbele kilikuwa na cherehani yake aliyokuwa akiitoa kwa fundi. Gari lilisimama ghafla. Lori lililowafuata halikusimama. Wifi yake Bi Rula alipozinduka hospitalini, miguu haikuwa na habari naye. Alikuwa mshonaji, aliomba aletewe kijimto chake cha sindano, na kila asubuhi alijichoma pajani, akangoja, akasema kwa sauti ya kawaida, “Bado.” Naye mumewe aliwaambia askari wa barabarani, kabla hata hajaulizwa: “Nadhani ni mimi. Nadhani mguu wangu uligusa breki.”

Hilo ndilo lililokuwa mezani leo. Taarifa ikitiwa sahihi zote, maneno ya mzee yule yangekuwa ndiyo ukweli wenyewe, mbele ya sheria na mbele ya mkewe, na mbele ya kioo chake cha kunyolea ndevu, mpaka siku yake ya mwisho.

Meneja alisoma rasimu. Gari lilipimwa siku nne. Kompyuta ya uchunguzi haikuonyesha kosa. Mfumo wa breki ulikuwa mzima. Hitimisho: tatizo halikuonekana.

“Daktari, una la kuongeza?”

Fundi mkuu alikishika kile kifaa chake shingoni. “Zamani gari likiumwa lilikohoa, nawe ukalisikia. Haya ya siku hizi yanaugua kimyakimya, tena yanakana. Kwa kuwa nyuma yake palikuwa pamepondeka, kichwa chake, yaani bampa la mbele na kompyuta, nilikifunga kwenye gari jingine kama hilo nikaendesha mwendo wa siku nzima. Halikushtuka hata mara moja. Siwezi kuandika nisichokiona.”

“Sawasawa kabisa,” alisema mkaguzi, akafungua kofia ya kalamu. “Basi tuthibitishe sahihi kwa mfuatano wa kadi. Mpokeaji?”

“Nilipokea gari saa tatu asubuhi, kwa gari la kukokota,” alisema Bi Rula. “Nikaandika, nikapeleka kuoshwa.”

“Muoshaji?”

Povu alisimama. Hakuwa amewahi kuingia chumba hicho, na alikuwa amevaa shati la kuendea harusini.

“Kaa tu, Povu,” alisema meneja.

“Nikikaa maneno hayatoki, Bosi. Mimi nililiosha. Nyuma sikuosha, maana nyuma palikuwa hapana nyuma. Mbele nililiosha vizuri mpaka mataa yakacheka.”

Mkaguzi aliinua kichwa. “Uliliosha gari la ajali?”

“Kanuni ya tatu, mzee wangu. Hakuna gari litakaloingia karakana likiwa na tope. Imebandikwa. Haijasema ila la ajali.” Alimtazama Bi Rula kwa heshima, kama mwanafunzi aliyelikariri somo. “Na lilikuwa na kazi hilo! Si unajua magari haya yalivyo?”

“Yalivyoje?” aliuliza Daktari.

“Haya ya aina hii. Yana kishimo chao pale chini ya nembo, kwenye bampa. Udongo unajikusanya humo, ukikauka unakuwa kama kiota cha nyigu. Maji hayautoi. Brashi haiutoi. Mimi nimejichongea kijiti changu maalumu.” Akakitoa mfukoni: kijiti cha mti mgumu, urefu wa kalamu, kilichochongwa ncha bapa na kung’aa kwa matumizi. “Nachokonoa taratibu, nisikwaruze kile kidude cheusi cha mraba kilichomo ndani.”

Daktari alikitazama kile kijiti.

“Kidude cheusi cha mraba,” alirudia Daktari.

“Hicho hicho.”

“Povu. Hiyo ni sensa ya breki. Hilo ndilo jicho la gari. Umekuwa ukilitoa tongotongo kwa muda gani?”

“Tangu magari haya yalipoanza kuja. Kila moja. Kwani nimekosea?”

Bi Rula alikuwa ameufungua ukurasa wa kwanza wa daftari. Alipitisha rula chini ya tarehe, moja baada ya nyingine. Namba moja hadi nne, wiki ya mvua za kwanza. Kisha kimya cha kiangazi. Kisha mvua tena, na watu kumi na wawili kwa mfululizo. Zamani daftari lilikuwa na safu iliyoitwa “Hali ya gari lilipofika.” Aliiondoa mwenyewe. Aliona haina kazi, kwani kwa kanuni yake kila gari liliingia karakana likiwa safi, na alichukia kuandika neno “safi” mara mia kwa mwezi.

Alingoja moyo umlipuke. Haukulipuka. Alisikia tu kwamba vidole vyake vilikuwa vya baridi juu ya rula.

“Hiyo ni dhana,” alisema meneja. “Haiwezekani tuandike dhana.”

“Basi tuijaribu,” alisema Bi Rula. “Asubuhi nimempokea mkunga mmoja, gari la aina hiyohiyo, lalamiko lilelile. Namba arobaini na mbili. Bado liko kwenye foleni ya kuoshwa.”

Waliteremka wote. Walipopita korido, kaka yake aliinuka nusu, akidhani ameitwa. “Bado kidogo, Kaka,” alimwambia. Akaketi tena. Alikuwa ameukunja mguu wa kulia chini ya benchi, nyuma ya mguu wa kushoto, kama anayeuficha.

Gari la mkunga lilikuwa limekolea tope hadi madirishani. Alitoka nalo kuzalisha mahali ambapo barabara ilikuwa ni jina tu. Daktari alipiga magoti mbele yake, akachungulia chini ya nembo. Udongo ulikuwa umo, umejaa, upande mmoja mkavu na upande mwingine bado unatota. Hakuugusa. Alimfukuza kila mtu uani, akapanga matairi chakavu kando kama mpaka, akaingia kwenye usukani.

“Nani shahidi?”

Bi Rula alizunguka, akakaa kando yake, akafunga mkanda.

“Miguu yangu itazame,” alisema Daktari. “Usitazame barabara. Tazama miguu.”

Mzunguko wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili, hakuna. Mkaguzi alianza kutazama saa yake. Mzunguko wa tatu, walipoliacha ghala na mbele yao pakabaki uwanja mtupu na ukuta wa mbali, Bi Rula aliona mguu wa Daktari umetulia juu ya kiongeza mwendo, kisigino sakafuni, na papo hapo gari likajikita chini kama nyumbu aliyeona nyoka. Mkanda ukamkata kifuani. Rula ikamtoka mkononi ikagonga kioo.

Mguu wa Daktari haukuwa umesogea.

“Umeona?” aliuliza, akihema.

“Nimeona.”

“Mbele kuna nini?”

“Hakuna kitu. Hakuna hata kuku.”

Daktari alimgeukia, kwa kuwa sauti yake haikuwa na mzaha wala kilio. Akakivua kile kifaa shingoni, akakiweka juu ya dashibodi. “Arobaini na moja,” alisema. “Na kila moja nimelipima baada ya Povu kuliponya. Sisi ni watu gani? Mgonjwa anafika na homa, tunamwogesha maji baridi, halafu tunampima na kumwambia huna homa.”

Walirudi juu. Kila mmoja alikaa mahali pake pa awali. Meneja alikunywa maji glasi nzima kabla ya kusema, na aliposema, alisema kwa upole, na upole huo ulikuwa na hesabu ndani yake.

“Gari la mkunga limeonekana na tatizo. Hilo tutawaandikia watengenezaji leo hii, na hakuna atakayelificha. Lakini kikao hiki ni cha gari la mzee aliyeko nje. Nalo, lilipopimwa, tatizo halikuonekana. Neno hilo ni kweli. Halijasema halikuwapo, limesema halikuonekana.”

“Mimi hilo naweza kulipokea,” alisema mkaguzi. “Hatuna udongo wa gari lile. Umekwenda na maji.”

“Bosi, huko ni kuuma na kupuliza,” alisema Daktari.

“Daktari, mimi nina watu sitini wanaokula kupitia karakana hii. Tukiandika kwamba tuliosha ushahidi wa ajali, na wa malalamiko yote arobaini na moja, tutaulizwa ni kanuni ya nani. Na mimi sitaki kumtaja mtu.” Hakumtazama Bi Rula aliposema hivyo. “Hapa kila mtu alitimiza wajibu wake. Dada, taarifa hii inakulinda wewe kwanza.”

Povu alikuwa bado amesimama, kijiti mkononi. “Bi Rula,” alisema polepole, “mimi nitasema nilikosea. Mimi sina cheti, nina ndoo. Mtu wa ndoo akikosea hakuna anayeshangaa. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini huu si lazima uwe wako.”

“Keti, Povu.”

“Lakini dada—”

“Keti. Ulifanya nilivyoandika.”

Aliivuta rasimu mbele yake. Ilikuwa imechapwa vizuri, pambizo sawa pande zote, na mahali pake pa sahihi palikuwa pamewekewa nukta. Kwa miaka minne alikuwa ameamini kwamba kitu kikiwekwa safi na kwa mfuatano, ukweli wenyewe hujitokeza, kama sahani kabatini. Alimfikiria wifi yake na kijimto cha sindano. Bado. Alijaribu kulifikiria jambo hilo kwa namna ambayo ingemwuma, na halikumwuma, na akatambua kwamba huenda lisingemwuma kwa siku nyingi, na kwamba hakuwa na sababu ya kungoja maumivu ndipo atende. Mtu anaweza kuuondoa mkono kwenye moto hata kama hausikii.

Akakunja rasimu mara mbili, akainuka, akaenda ukutani. Kanuni zilikuwa zimebandikwa hapo pia, kama katika kila chumba. Alizibandua kwa ukucha, kona baada ya kona, bila kuchana rangi ya ukuta. Kisha akafungua mlango.

“Kaka, ingia.”

Mzee aliingia na kofia yake, akawasalimu wote, akasimama karibu na mlango kama aliyekuja kupokea adhabu na hataki kuwasumbua. Meneja alisogeza kiti. Hakukikalia.

Bi Rula alibaki amesimama. Alisema kwa sauti aliyokuwa akiitumia kila siku kuwaita wateja kwa namba zao.

“Ndugu zangu, nimeamua, na nawatangazia. Taarifa hii sitaitia sahihi. Nitaandika nyingine kwa mkono wangu. Itasema kwamba udongo ukijaa kwenye sensa gari hujifunga breki, na kwamba udongo huo tuliutoa sisi kabla ya kupima, katika magari yote, likiwamo la ajali, kwa kanuni iliyotungwa na mimi. Si Povu, si fundi, mimi. Kanuni ya tatu imefutwa tangu sasa hivi; hakuna gari litakaloguswa na maji kabla Daktari hajaliona. Nikimaliza kuandika, nitawapigia simu wenye magari yote ya daftarini, mmoja mmoja, niwaambie wasiyaendeshe. Baada ya hapo, Bosi, ukitaka ufunguo wa mapokezi utaukuta kwenye msumari wake.”

Akalifungua daftari, akaiweka rula chini ya mstari.

“Kwa mpangilio ilinipasa nianze na namba moja. Nitaanza na namba saba, kwa kuwa yupo hapa.” Akamgeukia kaka yake, akautazama ule mguu wa kulia katika kiatu cha ngozi. “Kaka, haukuwa mguu wako. Nilikwambia uongo bila kujua kuwa ni uongo. Mchana huu twende wote hospitalini, nikamwambie na wifi.”